Musifukuze rafiki siku ya ndoa

Kuko wanaume wenye wanachekaka wakiona bibi, dada ao binti ameshika buku ya mapendo. Wanasema: hiyo ni mambo ya bure, hadithi za wazungu wa zamani wenye kucheza dansi usiku wote na kuamuka saa sita, haitaleta bukari ku meza. Na wanawake wengine nao wanasikia haya. Wanaficha buku chini ya mushuto, ao wanaisoma ku telefone wakati bwana ameenda poste ya usiku.

Mimi naona kile kicheko hakina haki. Na ushuhuda wangu wa kwanza nitautosha mu nyumba ya mutu wa mine.

Mwanamuke mwenye aliweka musingi wa vitabu vya mapendo vyenye Wangereza wanaita vya Regency ni Georgette Heyer, mwenye alizaliwa ku mwaka wa 1902. Ku 1925 aliolewa na Ronald Rougier, na ule bwana alikuwa enjenieri wa mine. Ninyi munajua vile maisha ya mine inakuwaka: kampuni inasema twende, mutu anaenda. Rougier alitumwa kwanza ku milima ya Caucasus, bibi akabakia. Kisha akatumwa Tanganyika, yenye leo ni Tanzania, ngambo ile ingine ya ziwa letu. Mwaka wenye kufuata, bibi akamufuata kule. Waliishi mu pori, mu nyumba ya matete. Na ni mule mu matete, bwana akiwa anatafuta mawe, njo bibi aliandika kitabu kizima, The Masqueraders, chenye kilitoka ku 1928. Buku zake nyingi za kujifunza zilibakia Uingereza. Aliandika na mambo yenye alikuwa nayo mu kichwa.

Ku 1929 Rougier aliacha kazi ya mine. Nani alilisha nyumba? Kalamu ya bibi. Miaka mingi, vitabu njo vilileta falanga mu ile nyumba, kupita wakati bwana alijaribu biashara ya gazi na makaa ikashindwa, kupita wakati alifungua magazini ya vyombo vya michezo, mupaka akasoma sheria na kuwa avoka. Kwa hiyo tusiambiane tena kama mapendo ya mu buku hayaletake bukari. Kuko nyumba ya mutu wa mine yenye ilikula juu ya ile.

Sasa tueleze kidogo ile Regency ni nini, juu kuko wenye wanaona filme na hawajue. Mufalme George wa tatu wa Uingereza aligonjwa akili, hakuweza tena kutawala. Tangu 1811 mupaka 1820 mutoto wake alishika kiti pa nafasi yake. Ni miaka 9 tu. Lakini mu ile miaka 9 ilipita vita ya mwisho ya Napoleon, ilipita Waterloo ku 1815, na vilitoka vitabu vya binti mumoja wa pasteri, Jane Austen: Raison et sentiments ku 1811, Orgueil et préjugés ku 1813, Emma mwisho wa 1815. Austen hakuandika maneno ya zamani, aliandika maneno ya wakati wake. Heyer alikuja zaidi ya miaka 100 kisha, ku 1935 akatosha Regency Buck, na pale njo njia ilifunguka. Leo kuko wanawake wengi sana, Uingereza na Marekani, wenye kuandika juu ya ile miaka 9 tu, kama vile dunia yote ilifungiwa mule.

Wengi wao wanaandika mambo mawili: mapendo yenye hakuna mutu aliyangojea, na urafiki wa wanawake. Mapendo, kila mutu anayaona. Urafiki, watu wanauruka. Wanafikiri rafiki ni mutu wa kubeba kapu ya bibi-arusi, wa kusikiliza siri, kisha aende kwao. Hapa njo nakataa. Mu vitabu vizuri vya ile aina, rafiki njo nguzo. Ukimutosha, nyumba inaanguka. Na mwandishi mwenye anamufukuza siku ya ndoa anadanganya wasomaji juu ya ndoa yenyewe.

Tuangalie Orgueil et préjugés, juu wengi wameisoma ku masomo ao wameona filme yake. Elizabeth Bennet iko na rafiki, Charlotte Lucas, miaka 27, hana sura ya kuvuta watu, hana falanga. Elizabeth naye hana kitu: shamba na nyumba ya baba yake, kwa maandishi ya zamani ya jamaa, haiwezi kurisiwa na binti. Baba akikufa, vyote vitaenda kwa ndugu mumoja mwanaume, Bwana Collins, mutu wa maneno mingi na akili kidogo. Ule Collins anakuja kuomba Elizabeth. Elizabeth anakataa. Siku chache tu zinapita, Charlotte anamukubali.

Elizabeth anasikia sawa vile amepigwa kofi. Rafiki yake, mwenye akili namna ile, ajiuzishe kwa mupumbavu! Lakini Charlotte anajua hesabu yake. Anajua kama binti wa miaka 27 asiye na mali iko na njia mbili: kubakia muzigo ku nyumba ya baba na kaka, ao kupata mulango wake mwenyewe na funguo yake mwenyewe. Anachagua funguo. Na Austen hamuchekee. Anatuonyesha, kidogo kidogo, vile ule mwanamuke anapanga maisha: anamusukuma bwana alime bustani, ni vizuri kwa afya yake (na atabakia inje), anachagua chumba cha nyuma kwa kushona, juu kile cha mbele kinaangalia barabara, na bwana anakipenda. Mama yeyote mwenye amekaa na bwana wa maneno mingi mu nyumba ya vyumba viwili atacheka pale, na kisha hatacheka tena.

Sasa muone hii. Charlotte, kwa kuolewa na Collins, njo atakuwa siku moja bibi wa ile nyumba ya akina Bennet. Siku baba ya Elizabeth atakufa, rafiki yake njo ataingia na mama yake njo atatoka. Hakuna bunduki mu kile kitabu, lakini hiyo ni kitu kikali. Na pamoja na ile yote, Elizabeth anafunga muzigo na kwenda kumutembelea. Ni kule, mu nyumba ya Charlotte, ku Kent, njo Darcy, tajiri wa pound 10,000 kwa mwaka, mwenye Elizabeth hakuweza kuvumilia, anamwambia mara ya kwanza kama anamupenda. Kama Elizabeth angekata urafiki juu ya hasira, hangefika kule. Mapendo yenyewe, yale makubwa yenye dunia yote inasifu tangu miaka zaidi ya 200, yamepita ku mulango wa rafiki mwenye aliolewa vibaya.

Sababu gani urafiki ulikuwa na uzito namna hii? Sababu sheria ilikuwa nyepesi upande wa mwanamuke. Mu Uingereza ya ile miaka, mwanamuke akiolewa, mbele ya sheria alikuwa sawa vile ameingia ndani ya bwana yake na kupotea. Falanga yake, mushahara wake, vyombo vyake vya nyumba, vyote vilikuwa vya bwana, isipokuwa kwa matajiri wenye waliandikisha mapatano mbele ya ndoa. Hakuweza kuandika mukataba yeye peke yake. Kuvunja ndoa kabisa na kuoa tena kuliomba sheria ya Parlema, na hiyo ilikuwa ya watu wenye mali nyingi. Ilifika paka ku 1870, na zaidi ku 1882, njo sheria iliacha mwanamuke wa ndoa awe na kitu chake.

Musicheke Wangereza haraka. Code de la famille yetu ya tarehe 1 Agosti 1987 ililomba mwanamuke mwenye kuolewa apate ruhusa ya bwana kwa kufanya matendo ya sheria yenye yanamufunga. Iligeuzwa ku Julai 2016. Mama mwenye aliolewa Likasi ku mwaka wa 2000 aliishi miaka 16 chini ya ile ruhusa. Na kuhusu mujane, sheria inasema yake, lakini ndugu za marehemu wanasema yao mbele ya mulango, na mara mingi wao njo wanakuwaka na sauti kubwa. Basi mwanamuke wa kwetu mwenye kusoma habari ya akina Bennet hahitaji mwalimu wa kumueleza kitu gani inaogopesha mama ya Elizabeth. Mwalimu wa Kizungu atamwambia ule mama ni mutu wa kuchekesha. Ni kweli, anachekesha. Lakini iko na binti watano na nyumba yenye si yake. Mimi sijui kama ningekuwa na sauti ya pole kuliko yake.

Kuko sababu ingine, ya kila siku. Binti wa jamaa nzuri hakuruhusiwa kukaa peke yake na kijana. Hakuruhusiwa hata kumuandikia barua kama hawajachumbiana. Mu Raison et sentiments, Marianne anaandikia Willoughby, na watu wote wanafikiri ni lazima wamepatana ndoa. Sasa, mutu wa miaka 19 mwenye moto mu kifua, hana ruhusa ya kusema na mwenye anamupenda: atasema na nani? Na rafiki. Na dada. Maneno yote ya kweli ya vile vitabu iko kati ya wanawake, mu chumba cha kulala, mu njia ya shamba, mu barua. Na barua ilikuwa na bei: mu ile miaka mwenye kupokea njo alilipa, si mwenye kutuma, na ilibakia vile mupaka ku 1840 njo timbre ya peni moja ikatoka. Watu waliandika ukurasa mupaka chini, kisha wakaugeuza na kuandika tena juu ya mistari ya kwanza, waokoe karatasi. Ni sawa vile mutu anakupigia telefone na mega zinakatwa kwako. Utapokea ya nani? Ya mwenye unapenda kweli.

Mapendo sasa. Mapendo yenye hakuna mutu aliyangojea: tajiri na masikini, muzuri na mwenye sura ya kawaida, wawili wenye kuchukiana. Hiyo ni rahisi kuandika vibaya. Unaweka duke, unaweka binti wa jikoni, unawafungia mu mvua, kitabu kimeisha. Kwangu, kitabu chenye kilifanya ile kazi kwa haki kuliko vyote ni kimoja cha Heyer, A Civil Contract, cha 1961. Jina lake ni baridi kama karatasi ya commune, na ni kwa makusudi.

Adam, askari, anarudia kutoka vita ya Espanya, baba yake amekufa, ameacha madeni yenye kupita kichwa. Anapenda Julia, binti muzuri sana. Lakini ili aokoe shamba na dada zake, anakubali kuoa Jenny, binti ya mufanya biashara tajiri, mutu wa kusema kwa sauti kubwa na kununua kila kitu chenye kungaa. Jenny ni mufupi, munene kidogo, sura ya kawaida. Na Jenny na Julia ni marafiki, walisoma pamoja. Tena, Jenny anamupenda Adam tangu zamani, hajasema kwa mutu.

Muone ile ndoa. Bibi anajua kama bwana yake anapenda rafiki yake. Rafiki anajua kama bibi amechukua mwenye yeye alingojea. Bwana anajua kama mukate wenye anakula ni wa baba-mukwe. Mwandishi muzaifu angegeuza mumoja wao kuwa shetani, Julia awe muongo ao Jenny awe mwenye tamaa. Heyer anakataa. Anaweka Jenny ku kazi: chakula, kitanda, mukate wenye bwana anapenda, shamba, mutoto. Julia anaolewa na mwanaume mukubwa wa miaka, mwenye cheo na akili, na anampendeza. Adam, ku siku za Waterloo, wakati watu wote mu London wanauzisha kwa woga, anaweka yote mu karatasi za serikali, anapata falanga zake mwenyewe, anaweza kuangalia baba-mukwe ku macho. Na mwishoni anagundua kama nyumba yake ni Jenny. Si kwa ngoma na muziki. Ni sawa vile mutu anatoka shimoni, anaona taa ku dirisha, anajua imewashwa juu yake.

Kuko wasomaji wenye walikasirikia ile mwisho. Walitaka moto. Mimi nafikiri mutu mwenye ameishi miaka 20 ya ndoa, mushahara wa mwezi ukichelewa, hatakasirika. Lakini angalia bei yenye ililipwa: urafiki wa Jenny na Julia haukurudia kuwa kama wa masomo. Heyer anatuambia ile bila kulia. Hapo njo kitabu ni cha kweli.

Sisemi Heyer alikuwa malaika. Watumishi mu vitabu vyake mara mingi wako paka wa kuchekesha, na mu The Grand Sophy, ya 1950, aliweka Muyahudi wa kukopesha falanga kwa namna mbaya yenye haina samahani. Mutu anaweza kupika muzuri na kuacha jiwe mu mchele.

Vijana wetu wanajua Regency kwa njia ingine: Bridgerton, yenye ilianza ku Netflix mwisho wa 2020, na yenye ilitoka mu vitabu vya Mumarekani Julia Quinn, cha kwanza cha mwaka wa 2000. Wanabishana nani muzuri kuliko nani, nguo gani. Mimi nawaambia: acheni kwanza ma-duke, mufuate Penelope na Eloise. Wawili wanakaa dirisha kwa dirisha. Penelope, kwa siri, njo anaandika ile gazeti ya masengenyo yenye kuogopesha muji wote, na ameandika hata habari mbaya juu ya Eloise. Mwisho wa sehemu ya pili, Eloise anagundua. Hakuna busu mu ile filme yenye iliniuma sawa vile ule ugomvi wa chumbani. Na mu sehemu ya tatu, wakati Penelope anapendwa mwishoni na Colin, kaka ya Eloise, swali lenye linatushika si kama ndoa itafika. Itafika, tunajua, tulilipa mega juu ya ile. Swali ni kama rafiki atarudia.

Sasa, kwa binti ao mama mwenye anataka kuandika vile vitabu, na wako, niliona makaye za masomo zenye kujaa hadithi za lady na lord zenye ziliandikwa Kolwezi na Kipushi: andika. Usisikie haya juu haujafika London. Heyer aliandika Uingereza akiwa ku Tanganyika, na Heyer alizaliwa zaidi ya miaka 80 kisha ile Regency kuisha. Yeye naye hakuiona. Alikusanya makaye: bei ya gari ya farasi, nguo, maneno ya mitaani, namna gani wanaandikia mutu wa cheo. Fanya vile. Ujue mushumaa ni bei gani. Ujue nani anafua zile glavu nyeupe.

Na ujue moto wa mu salon unatoka wapi. Hapa niko na ugomvi na vile vitabu karibu vyote. Tarehe 25 Mai 1812, kule Felling, kaskazini ya Uingereza, gazi ililipuka mu shimo la makaa; wanaume na vijana 92 walikufa. Miezi 8 kisha, Orgueil et préjugés ikatoka. Taa ya Humphry Davy, yenye haiwashe gazi, ilikuja paka ku 1815, na mambo ya Felling njo yalisukuma watu wailombe. Wanawake na mabinti walivuta makaa chini ya udongo, mu sehemu fulani za ile inchi, mupaka sheria ya 1842 ikawakataza. Makaa ya kaskazini ilipanda mashua, ikaenda kuwasha nyumba za London kwenye mabinti walicheza dansi. Shaba ya Cornwall ilienda kuyeyushwa Swansea. Hakuna hata mumoja wa wale watu mwenye anaingiaka ku dansi, hata kupitia mulango wa nyuma. Mimi, mutoto wa inchi ya shaba, nikisoma juu ya vyungu vya shaba vyenye kungaa mu jikoni ya lord, nauliza nani aliichimba.

Winston Graham alijibu kidogo, na Poldark yake yenye ilianza kutoka ku 1945: bwana wa mashimo ya shaba kule Cornwall, mwenye anaoa mutumishi wake Demelza, binti ya mutu wa mine. Hadithi inaanza mbele ya Regency lakini vitabu vya mwisho vinafika mupaka 1820. Mutu wa Kolwezi mwenye hapendi dansi aanzie pale. Lakini bado kuko nafasi. Wanawake wawili wenye kuvuta makaa, mumoja anaolewa na mwenye kuandika hesabu ku ofisi ya mine, mwingine anabakia chini: hiyo nayo ni Regency, na hesabu yake ni kali kuliko ya Charlotte. Nani atajua kuiandika kuliko sisi?

Kitu kimoja tu nawaomba: musifukuze rafiki siku ya ndoa. Mumupatie rafiki madeni yake, mugonjwa wake, hasira yake. Mumwachie haki ya kukataa bwana-arusi. Kitabu kikiisha, tujue bado wapi analala.

Na nitasema neno kwa wababa, juu wengine wanasoma hii gazeti yote. Kwetu bibi akiolewa wanamwambia: sasa wewe ni mama wa nyumba, wacha kutembea-tembea na marafiki, marafiki wanaharibisha ndoa. Nimesikia ile mu mashauri ya ndoa mara mingi. Lakini siku mushahara haukuja, ni nani aliazima kopo ya unga? Likelemba yenye ililipa masomo ya mutoto, inakaa mu mikono ya nani? Siku sirene ya mine inalia saa yenye si yake, mama anakimbilia wapi kwanza, akiwa na mutoto ku mugongo? Mapendo ya bwana ni kitu kikubwa, sikatae. Lakini bwana iko chini ya udongo, na rafiki iko pale ku mulango wa pili.

Heyer mwenyewe alijua. Mbele ya kuolewa alikuwa na marafiki wawili, Joanna Cannan na Carola Oman, wakubwa kwake kidogo. Walikuwa wanakutana na kusema vitabu na mambo yenye kila mumoja alikuwa anaandika. Wote watatu walikuwa waandishi.

Na Jane Austen, mwenye hakuolewa, hakukaa peke yake hata siku moja. Ku Chawton, tangu 1809, nyumba ilikuwa ya wanawake wane: mama yake, dada yake Cassandra, yeye Jane, na rafiki yao wa tangu ujana, Martha Lloyd, mwenye alikuja kuishi nao kisha kufiwa na mama yake. Martha alikuwa na makaye yake ya mapishi na dawa za nyumba. Ni mu ile nyumba, wengine wakigawanya kazi za jikoni, njo Jane alipata masaa ya kutengeneza vitabu vyake. Alikufa ku Julai 1817. Martha akabakia na Cassandra na muzee mama. Halafu, ku 1828, kaka yao Francis, ofisa wa mashua za vita, mujane mwenye watoto wengi, akamuomba Martha ndoa. Martha alikuwa amepita miaka 60. Akakubali. Kisha Francis alipewa cheo na mufalme, na watu wakaanza kumuita Martha Lady Austen. Makaye yake ya mapishi ingali iko, wanaichunga kule Chawton, mu ile nyumba ya wanawake wane.